Nilimwiga Sawasawa Mno

Nilianza kuigiza misibani. Watu wakiniuliza nilijifunzia wapi kazi ya jukwaa hutegemea nitaje chuo au semina za wafadhili, na nikiwajibu hivi hucheka wakidhani nawatania. Siwatanii. Baba yangu alikuwa Mnyamwezi aliyekuja Morogoro kufanya kazi kiwandani, na Wanyamwezi na Waluguru ni watani. Mluguru akifa, mtani ana kazi zake pale msibani: kuchimba kaburi, kuteka maji, kuvuruga kilio, na zaidi ya yote kumwiga marehemu. Unavaa nguo zake, unatembea kama yeye, unasema kama yeye, mpaka waliokuwa wanalia washike mbavu.

Mama yangu alikufa nikiwa mdogo kiasi kwamba hata sura yake siikumbuki, nikalelewa na shangazi, dada yake baba. Shangazi alikuwa fundi wa kuiga marehemu. Alifuatwa kutoka Bigwa, alifuatwa kutoka Kilakala, mara nyingine walikuja kumchukua kabla hata maiti haijaoshwa. Mimi nilimbebea mkoba, na nilipofika miaka tisa au kumi akaanza kunipa vipande vidogo, kukohoa kwa babu fulani, kucheka kwa bibi fulani. Kanuni yake ilikuwa moja tu.

"Mwige vibaya," aliniambia. "Kama alichechemea mguu mmoja, wewe chechemea yote miwili. Kama alipenda ugoro, wewe nusa mpaka majivu. Maiti haiigizwi sawasawa. Ukimwiga sawasawa unamzibia njia."

Nilidhani ni ufundi tu, jambo la kuchekesha watu. Nilikuwa mtoto, na shangazi hakuwa mtu wa kueleza jambo mara mbili.

Nilipokuwa mkubwa nikaingia kikundi cha sanaa. Tulifanyia mazoezi Mwembesongo, kwenye chumba cha nyuma cha duka la vitambaa la mzee mmoja wa Kihindi, mtu aliyependa muziki kuliko alivyopenda wateja. Chumba kilijaa majora ya vitambaa na majora yalimeza mwangwi wote, kwa hiyo ukiimba mle ndani unajisikia ulivyo, bila kubebwa na kuta. Mle ndimo nilimogundua kwamba sauti yangu ni ya kawaida. Haikuwa mbaya. Ilifaa kuitikia. Nikahamia kwenye kuandika: kwanza maneno ya nyimbo, halafu mazungumzo, mwishowe maigizo mazima, yale ambayo watu husema kidogo, wakishindwa kusema wanaimba.

Aliyeziimba nyimbo zangu alikuwa rafiki yangu. Yeye alikuwa Mluguru wa milimani hasa, binti wa mama anayelima ndizi na maharage kule juu ambako ukungu hauondoki mpaka saa nne asubuhi. Alikuwa na pumu tangu utotoni, na kwa sababu hiyo alikuwa akivuta pumzi katikati ya mstari, kwa nguvu, mpaka watu wa viti vya nyuma wanasikia. Mwingine angeona aibu. Yeye aliufanya ule mvuto wa pumzi kuwa sehemu ya wimbo, na ukumbi mzima ulisubiri pamoja naye. Mimi nikaanza kuandika kwa kupima kifua chake. Silabi saba, pumzi, silabi nne. Miaka kumi na moja niliandika hivyo.

Nilimpenda na nilimwonea wivu, na sioni haja ya kuchagua kimoja. Watu waliposimama kumshangilia, mimi nilikuwa pembeni nimeshika karatasi. Tulitaniana tangu tunaonana asubuhi mpaka tunaachana. Nilimwambia Waluguru wote mguu mmoja mfupi kwa kulima mteremko. Akanijibu kwamba babu zangu walifika Morogoro kwa kubeba mizigo na mpaka leo mimi ndiye nabeba makaratasi yake. Alikuwa mvivu wa kukariri na mlafi wa mihogo ya kukaanga. Akitoka mazoezini aliondoka na ndala zozote zilizo karibu na mlango, mara nyingi za rangi mbili tofauti, na sisi wengine tukabaki tunatafutana.

Alifariki wiki tatu kabla ya igizo letu kubwa. Lilikuwa igizo la nyumba ya kupanga ambayo mwenye nyumba anawafukuza wapangaji wote, na yeye alikuwa mpangaji wa mwisho kutoka. Alikuwa na wimbo wa peke yake anaouimba akipanga masufuria yake kwenye boksi, moja baada ya jingine. Ule wimbo ndio kitu bora nilichowahi kuandika. Pumu ilimzidi asubuhi moja akiwa kwake, na jirani aliyekimbilia bodaboda alirudi akakuta hakuna tena wa kubebwa.

Tulipanda kwenda kuzika kijijini kwao, mwendo wa saa mbili na nusu kwa miguu kutoka mwisho wa barabara. Watani wenzangu walikuwa wameshaanza vituko. Mmoja alilala ndani ya kaburi akasema hatoki mpaka apewe kuku. Mama wa marehemu alikuwa amekaa mkekani, miguu ameinyoosha, hajalia tangu usiku uliopita. Wanawake walikuwa na wasiwasi naye, kwa sababu mama asiyelia anatisha kuliko anayejigaragaza. Bibi mmoja, mtani mwenzangu, akanitupia gauni la marehemu na kanga yake. Akasema, "Wewe ndiye mwigizaji. Haya, tufungulie kilio."

Nilianza vizuri. Nilitembea mguu mmoja mfupi, nikajifanya nimesahau jina langu mwenyewe, nikachukua ndala za padri. Watu wakaanza kucheka. Halafu nikaimba.

Hakuna aliyeniambia niimbe. Nasema wazi kwa sababu nimechoka kujificha nyuma ya huzuni. Njia nzima ya kupanda nilikuwa naupitisha ule wimbo kichwani, nikijiuliza kama ninauweza. Igizo lilikuwa limebaki bila mtu. Kiongozi wa kikundi alikuwa amesimama pale karibu na migomba, nilimwona, nilijua ananiangalia. Kwa hiyo katikati ya msiba wa rafiki yangu mimi nilikuwa kwenye majaribio ya kupata nafasi yake.

Sikuuharibu ule wimbo. Niliuimba kama alivyouimba, pumzi mahali pake, sauti ikishuka pale alipoishusha, hata ule mkwaruzo mdogo aliokuwa nao kwenye noti za chini. Kicheko kikakatika. Nyuma yangu mtu akasema, "Yesu na Maria." Mama akainua kichwa.

"Mwanangu," akasema, "kumbe umeshafika?"

Hata hapo ningeweza kuokoa. Ningekohoa kama mbuzi, ningeanguka chali, watu wangecheka, mambo yangekwisha. Shangazi angefanya hivyo bila kufikiri. Mimi nikamjibu kwa sauti ileile.

"Nimefika, mama."

Tukazika. Mama hakulia. Tulipokuwa tunashuka, kiongozi alinisubiri kwenye kona, akaniambia nafasi ni yangu.

Igizo lilifanikiwa kupita tulivyoota. Tuliliigiza Mazimbu, tukaitwa Dar es Salaam, tukaitwa Dodoma, tukarudi Mazimbu kwa mara ya pili. Watu waliomjua walilia, wasiomjua walilia pia. Nikawa nasimama mbele mimi, na karatasi zinashikwa na mwingine. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini mimi sikutia hata tone. Niliogopa kubadilisha kitu chochote. Kila onyesho lilikuwa lilelile, pumzi zilezile.

Mama yake alianza kuja. Alikuwa akishuka na ndizi sokoni, akimaliza kuuza anakuja Mwembesongo, anakaa juu ya jora la kitambaa, anasikiliza mazoezi. Aliniletea magimbi ya kuchemsha yamefungwa kwenye jani la mgomba. Aliniita mwanangu. Alinigombeza kwamba nimekonda, kwamba sifungi kifua asubuhi kwenye baridi, kwamba nitakufa kwa uzembe. Najua alijua sura yangu si ya mtoto wake; hakuwa na wazimu. Nikiongea aliangalia dirishani, na nikiimba alifumba macho.

Mimi sikumsahihisha. Shangazi alinilea vizuri, alinilisha, alinikanya, akanifundisha kazi, lakini hakuwahi kuniuliza kama nimekonda. Kila siku ya soko nilifika mazoezini mapema nikakaa upande unaotazama mlango.

Halafu ile sauti ikaanza kunifuata nje ya jukwaa. Nilimwita muuza mkaa asubuhi, jirani yangu akatoka mbio ndani. Akaniambia, "Samahani, nilidhani ni yule mwenzio." Nilikuwa nafua nguo huku naimba wimbo wa kanisani, wimbo ambao rafiki yangu hakuwahi kuuimba mbele yangu, nikajisikia navuta pumzi katikati ya neno. Nikikimbia kidogo kifua kilipiga filimbi. Nilipimwa mapafu nikaambiwa ni mazima kabisa. Nikiandika, kila mstari ulitoka silabi saba na nne, hata mistari ya mwanaume, hata ya mwenye nyumba. Nilijaribu kuandika igizo jingine, nikagundua ni lilelile na wahusika wamebadilishiwa nguo.

Siku moja mtu akatuma kwenye kundi letu la simu kipande cha sauti, wimbo wa masufuria, akaandika hapo chini alama ya moyo tu. Nilikisikiliza mara tano nikiwa nimesimama kituoni Msamvu nasubiri basi. Sikujua ni yeye au ni mimi. Nilitaka kuuliza, nikaona aibu, maana ni mtu gani anayewauliza watu kama hiyo ni sauti yake? Nikapanda basi na hofu yangu. Mpaka leo sijui, na wenzangu wote waliweka moyo na wao.

Miaka miwili ikapita hivyo, mpaka mjomba wake, kaka wa yule mama, akaja mazoezini. Kwa Waluguru mtu ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba akisema jambo limesemwa. Nilimpa shikamoo na kiti. Shikamoo aliipokea, kiti akakikataa.

"Mtani, sikuja kukaa," alisema, kwa lafudhi ileile ya milimani inayovuta maneno mwishoni. "Dada yangu hataki tuondoe matanga. Tukimwambia, anasema mtoto yuko mjini, anaimba. Kuna mtoto wa mdogo wetu wa kike aliyefariki zamani, ndiye anayetakiwa kurithi jina. Mwanamke mzima, hana mama. Amekuja mara tatu akae mkekani, na mara tatu dada yangu amemrudisha. Jina la mtu liko hewani miaka miwili. Unajua nani amelishika?"

Nilijua. Katika ukoo wao mtu akifa jina lake hupewa mtu mwingine wa ukoo, na anayelipokea anakuwa mtoto wa mama yule, kwa kuitwa na kwa kutunzwa. Mpaka hilo lifanyike msiba haujaisha, na marehemu hana pa kutulia. Wale watu wote walikuwa wamesimamishwa kwa sababu yangu.

"Nifanye nini, mjomba?"

"Kazi uliianza, ukaiacha katikati. Njoo uimalize. Mwige kama mtani."

Nikamwambia tuna safari ya Mwanza mwezi ujao. Nikamwambia wimbo ule ukiharibika siwezi kuurudisha. Nikamwambia mengi, yote ya kweli. Ambalo sikumwambia ni kwamba sitaki kuacha kuitwa mwanangu. Akasikiliza mpaka nikaishiwa, akaokota kofia yake.

"Ulichokitaka," akauliza, "hujakipata bado?"

Sijawahi kutukanwa vibaya zaidi, na alisema kwa upole.

Nilipanda siku waliyopanga. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na njia ilikuwa utelezi, na nilifika kifua kikipiga filimbi ile isiyokuwa yangu. Uwanja ulijaa watu. Mama alikuwa mkekani palepale. Aliponiona akatabasamu, akasogea kidogo kunipa nafasi nikae pembeni yake. Nilimpita. Nilikwenda moja kwa moja kwa watani wenzangu, nikachukua lile gauni, nikalivaa nyuma mbele.

Nikamwiga vibaya. Nilitembea mguu mmoja mfupi halafu mwingine mfupi zaidi, mpaka nikawa natambaa. Nilikusanya ndala za uwanja mzima, nikazivaa mikononi, nikazitia kwapani, nikamvua mjomba viatu vyake vya Jumapili. Nilipora muhogo kwenye sahani ya mzee mmoja nikautia wote mdomoni. Nilijifanya niko jukwaani nimesahau maneno, nikamwuliza mbuzi. Watu walicheka. Mama hakucheka. Aliangalia pembeni, kwenye migomba, akisubiri niongee sawasawa.

Basi nikaimba wimbo wa masufuria. Nilivuta pumzi kila silabi, kwa kelele, kama pampu ya baiskeli iliyotoboka. Nilipiga chafya kwenye noti za chini. Pale ambapo wimbo unapanda na watu wa kumbini hutoa vitambaa vyao, nilibweka. Niliukanyaga wimbo wangu bora mstari kwa mstari, na kila nilipoharibu nilisikia jinsi ulivyokuwa mzuri. Machozi yalikuwa yananitoka. Lakini watani hulia kwa uongo msibani, ni sehemu ya vituko vyao, kwa hiyo hakuna aliyeshughulika.

Mama akageuka. Akaniangalia usoni, mara ya kwanza katika miaka miwili, akaangalia pua yangu, mdomo wangu uliojaa muhogo, gauni la mtoto wake lililogeuzwa. Mabega yakaanza kumtikisika. Akacheka mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani, akacheka akipiga mkeka kwa kiganja, akasema, "Loo, mtani, umemwua!" Halafu kicheko kikageuka, na kilio alichokuwa amekizuia tangu siku ya maziko kikatoka chote. Wanawake wakamzunguka. Mimi niliendelea kubweka, kwa sababu mtani haachi mpaka aambiwe basi, mpaka yule bibi aliyenitupia gauni mara ya kwanza akanishika mkono.

Mchana ule ule wakampokea mrithi. Alikuwa mwanamke wa umri wangu, mpole, mikono ya mkulima. Wakamkalisha mkekani, wakamfunika kanga, wakalitamka jina mara tatu, na kila mmoja akaja kumsalimu kwa jina hilo. Sikuwa karibu. Nilikuwa nyuma ya nyumba na watani wenzangu tunasugua masufuria kwa mchanga na majivu. Niliimba polepole nikiwa nasugua, kujipima. Sauti iliyotoka ilikuwa ya kawaida, ya kuitikia. Nilirudia. Ilikuwa ileile. Kifua kilikuwa kimya. Nikajua Mwanza wataenda na mtu mwingine, na wakaenda naye, na anaimba vizuri kwa namna yake, nami nimerudi kwenye karatasi. Mistari yangu siku hizi ni mirefu, waimbaji wanalalamika.

Lakini hilo lilikuja baadaye. Pale nyuma ya nyumba nilikuwa bado na sufuria mkononi wakati mama alipoita kutoka barazani. Sauti yake ilikuwa imekwaruzika kwa kulia.

"Mwanangu, njoo ule kabla hakijapoa."

Nikainuka. Nilikuwa nimeshapiga hatua mbili hadi kwenye kona ya nyumba, majivu yakinichuruzika kwenye viwiko, ndipo yule mwanamke alipoitika, "Abee, mama," akanyanyuka mkekani akaenda kukaa pembeni yake. Nikarudi kwa watani wenzangu. Nikakaa chini, nikaivuta ile sufuria, nikaendelea kusugua.